Ufa Nilioupaka Rangi

Mwanangu Salimu,

Si kawaida kumwandikia barua mtu ambaye kanzu yake bado inakauka uani kwangu. Lakini nimejaribu mdomo, umenishinda. Mara tatu wiki hii nimekuita tukae, na mara tatu nimeishia kukuuliza kama jua la leo ni kali kuliko la jana. Ukanijibu kwa adabu, ukaenda zako.

Umetoka baada ya alasiri kuwaaga wakubwa kabla ya safari yako ya kesho ya Lamu, kwanza shangazi zako hapa Kibokoni, kisha jamaa wa Makadara. Hutarudi kabla ya isha, maana kila nyumba itakukalisha na kahawa. Nimelichukua pengo hilo. Mkono unauma na macho hayanisaidii sana, basi ukikuta herufi zimepanda juu ya nyingine, vumilia.

Mambo ya kula na kulala, ya nguo na ya marafiki wa kuepuka, mamako ameyamaliza. Nimemsikia tangu juzi. Mimi nina jambo moja tu, nalo si wasia. Ni habari yangu.

Mwezi uliopita ulinikasirikia. Uliniambia, "Baba, bandari nzima yajua kuwa wewe ndiye uliyepandisha waya wa simu ya upepo juu ya mashua ya kwanza hapa. Mbona hukunifundisha wewe, nikajifunzia kwa wengine? Mbona kila wakikuita wasema mgongo?" Nikakujibu kuwa mgongo wauma. Ukasema, "Si mgongo. Wewe waogopa." Mamako akakukemea, ukatoka na hukula chakula cha mchana siku ile.

Ulisema kweli, Salimu. Naogopa. Nataka ujue ninaogopa nini.

Ulikuwa na miaka kumi na minne, uko chuoni kwa mwalimu, na vita vya Wazungu vilikuwa havijaja. Milingoti mikubwa ya simu ya upepo, ile ipelekayo habari hewani, ilikuwa imeshasimamishwa hapa kisiwani, ikizungumza na meli zilizo mbali. Ofisi ya bandari ikataka ile mashua ndogo ya moshi, iliyokuwa ikienda kutengeneza maboya ya njia za meli, nayo iweze kuita ikipata shida. Nahodha wake alikuwa mjomba wako Omari. Mpiga simu alikuwa Mgoa mmoja wa Bara Hindi akiitwa Kaitano, mwembamba, mpole, mwenye desturi ya kupiga vidole juu ya goti kila alipokaa, kama kwamba hata kupumzika kwake ni kupeleka habari. Mimi nikaitwa kwa kuwa milingoti na kamba ndiyo kazi yangu.

Tulibishana siku nne, mimi na Kaitano, na nakwambia zilikuwa siku tamu. Yeye alitaka mlingoti wa pima saba, kwa kuwa waya ukiwa juu zaidi sauti hufika mbali zaidi. Nikamwambia, "Bwana Kaitano, mashua hii ni fupi. Ukiisimamishia pima saba, wimbi la kwanza la nje ya mlango wa bandari litailaza ubavu, na sauti yako itafika kwa samaki." Akacheka. Akaniuliza, basi nimpe nini? Nikampa miwili: wa mbele pima tano, wa nyuma pima nne, yote ya msonobari, mti mwepesi usio na fundo, na waya upite kutoka mmoja hadi mwingine. Nikaufungia kila mlingoti mti mfupi wa kukingama juu, ili waya ukae upande wa kulia, mbali na dohani na moshi wake.

Yeye naye alinifundisha. Nilitaka kuishikilia milingoti kwa kamba za chuma, akanizuia. "Chuma kitainywa sauti," alisema. "Umeme ni kama maji, fundi. Siku zote unatafuta pa kushukia. Kazi yako ni kuunyima njia." Tukatumia kamba za katani. Na waya wenyewe hatukuufunga kwenye mti. Kila ncha tuliifunga kwenye kikombe cha kauri, mfano wa donge nene jeupe lenye tundu mbili, ili umeme usipate njia ya kuteremka mlingotini. Chini, ubavuni mwa mashua, tukapigilia bamba la shaba liguse bahari. Vikombe vilikuja viwili tu kutoka Ulaya, na cha akiba hakikuwepo.

Siku tuliyomaliza ilikuwa kavu, jua limechoma tangu asubuhi. Nikaukaza waya mpaka ukalia ukiguswa. Ulikuwa mzuri kutazama, umenyooka kama mstari wa msahafu. Kaitano akainua macho, akasema, "Legeza kidogo, fundi. Kamba hizi zikilowa zitakaza zenyewe."

Salimu, mimi nilizaliwa katika kamba. Babu yako alinipa kamba kabla hajanipa kalamu. Kuambiwa na mpiga simu kwamba katani hukaza ikilowa! Nikamjibu, "Wewe shika vidole vyako, mimi nishike kamba zangu." Nilisema kwa mzaha, lakini hakukuwa na mzaha moyoni.

Mvua ikanyesha alfajiri. Nilipofika bandarini, waya ulikuwa bado juu, umekaza kama mshipa wa shingo. Nikauteremsha. Kikombe cha mbele kilikuwa na ufa kutoka tundu hadi tundu, mwembamba kama unywele.

Hapa ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuwa mtu. Asubuhi ile bwana wa ofisi alikuwa anakuja na wageni kuitazama mashua, na Kaitano alikuwa hajafika bado. Lau ningemngoja na kumwonyesha, angesema tungoje kikombe kingine, na kungoja kule ni miezi. Na angejua kuwa aliniambia. Wallahi, hilo la pili ndilo lililonishinda. Nikakifunga kikombe kwa uzi wa katani uliochovywa lami, zongo juu ya zongo, nikaupaka rangi nyeupe, nikaupandisha waya tena, safari hii nimelegeza.

Kaitano alipokuja aliangalia juu, akaona umelegezwa, akatabasamu. Akauliza tu, "Vikombe vizima vyote?"

"Vizima," nikasema.

Neno moja, mwanangu. Nilikuwa nakunja kamba nilipolisema, wala sikuacha kukunja.

Jua lilipotoka wakajaribu simu, ikajibiwa papo hapo kutoka nchi kavu. Wageni wakapiga makofi. Bwana wa ofisi akanipa mkono. Jina unalolisikia bandarini lilianza siku ile.

Baada ya wiki tatu mashua ilitoka kwenda upande wa Kilifi kutengeneza boya. Kulikuwa na upepo wa kusi na mvua za kukatika na kurudi. Walipofika mbele ya Mtwapa, chuma kimoja cha mtambo kikavunjika. Hilo halikuwa kosa la mtu. Mashua ikawa haina nguvu, upepo unaisukuma polepole kwenye miamba, na nanga haishiki. Mjomba wako akamwambia Kaitano aite. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Aliita mpaka saa kumi na moja jioni. Mjomba wako ndiye aliyenisimulia. Alisema Kaitano alikaa na kifaa chake katika kile kibanda kama kabati, maji yakimdondokea shingoni, akipiga, akingoja, akipiga. Akitoka kutazama waya, akirudi. "Napeleka," alikuwa akisema. "Cheche ninaiona. Napeleka, mbona hawajibu?" Huku nchi kavu, mpokeaji alikuwa amekaa na vyombo masikioni siku nzima, hakusikia kitu. Lau angesikia, mashua nyingine ingefika kabla ya adhuhuri.

Jua lilipokuwa linazama waligonga mwamba. Alikuwepo chini katika mtambo kijana mmoja Mdigo wa Tiwi, jina lake Mwero, mchochea makaa. Alikuwa bado anahangaika na kile chuma, akitaraji atakiunga. Maji yaliingia kwa upande wake. Mjomba wako alimshika mkono akimvuta juu, mfuniko wa chuma ukaporomoka, ukamkata mjomba vidole vitatu. Vidole ulivyovikosa kila alipokupa mkono, ni hivyo. Mwero hakutoka. Wavuvi wa Mtwapa waliwaokoa wengine asubuhi yake.

Mashua ilivutwa hadi bandarini, na nikaitwa niteremshe milingoti. Nilipanda peke yangu. Kile kikombe kilikuwa na mstari mweusi uliounguzwa, umepita juu ya uzi na lami yangu hadi kwenye mti, na mti wenyewe umeungua kidogo kama uliochorwa kwa kaa. Siku kavu lami ilizuia. Siku ya mvua, na chumvi ikiwa imejikusanya wiki tatu, umeme ulipata pa kushukia. Yote aliyoyapiga Kaitano tangu asubuhi yaliteremka mlingotini na kuishia baharini, pima tano kutoka pale alipokaa.

Nikakikata kikombe, nikakitosa majini.

Wakatuita ofisini. Kaitano alisema aliita siku nzima, na hakuna aliyemsadiki. Mmoja akasema huenda alishikwa na woga akasahau kazi, mwingine akasema Wagoa hupenda kinywaji. Yeye alikuwa akitazama mikono yake. Kisha wakanigeukia mimi, na mkalimani akaniuliza, "Fundi, waya ulikuwa mzima?"

Nikajibu, "Waya ulikuwa mzima."

Na ulikuwa mzima! Hawakuniuliza kikombe. Nilitoka pale nikijiambia kuwa sikusema uongo. Tahadhari na kweli ya namna hiyo, Salimu. Uongo wa wazi humkera mwenyewe mpaka autapike, lakini kweli ile nilikaa nayo kwa raha karibu mwaka mzima, kama mtu anayelalia upanga akidhani ni mto.

Kaitano akaachishwa kazi. Siku mbili kabla ya meli ya kumrudisha kwao alikuja karakanani kuniaga. Nilidhani amejua, nikasimama. Hakuwa amejua. Akakaa juu ya gogo, na vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya goti. Mara ya kwanza kuviona vimetulia. Akasema, "Fundi, sisi tulifanya kazi nzuri, siyo? Basi ni mimi. Nakumbuka kila kitu nilichokifanya, na bado sioni nilipokosea. Wewe ulinijua. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka siku zile?"

Nikamwambia, "Hapana, Bwana Kaitano. Haukuwa unatetemeka."

Akangoja. Nadhani alitaka niseme zaidi. Nikamuuliza kama amepata kitanda kizuri melini.

Mjomba wako alikuwa kwetu wakati ule, mkono umefungwa. Utakumbuka mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha uji. Mamako alisema moyo wangu ni mwema. Nikamlisha mpaka akapona, na kila kijiko kilinizidishia uzito, mpaka siku moja nikashindwa kuinama kuswali. Ndiyo mwanzo wa maumivu ya mgongo.

Nilikwenda kwanza ofisini, nikasema yote kwa mkalimani. Bwana alisikiliza huku akitia sahihi karatasi. Mkalimani akanigeukia: "Asema shauri lile limekwisha na daftari limefungwa. Asema pia kuna mashua nyingine yataka waya mwezi ujao, na fundi kama wewe hapatikani." Niliyaona macho ya mkalimani yakikimbia. Hata yeye aliona haya kunitafsiria.

Kisha nikamwambia mjomba wako. Alinisikiliza hata mwisho. Akauliza, "Ulijua tangu asubuhi ile ya mvua?" Nikasema ndiyo. "Na ulipokuwa unanilisha uji kwa mkono wako, ulijua?" Nikasema nilijua. Akavaa viatu vyake, akamuaga dadake, akatoka. Wewe tulikwambia wamegombana kwa sababu ya nyumba ya babu. Hakukuwa na ugomvi wa nyumba. Tulikudanganya, na mamako alikudanganya kwa kuwa nilimwomba.

Nikavuka kwenda Tiwi kwa mamake Mwero. Nilimkuta anasuka mkeka. Nikamsalimu, nikaanza kwa maneno mengi ya kuzunguka, akanikata: "Baba, sema ulichokijia." Nikasema. Hakulia. Akauliza kama mwanawe aliita jina la mtu. Nikamwambia sijui, sikuwepo. Akasema, "Basi huna cha kunipa. Usije tena, tafadhali." Aliniambia tafadhali, Salimu. Sikwenda tena. Kwa muda mrefu nilitaka kwenda tena, nikajua kuwa natamani kusamehewa kuliko ninavyotamani yeye apumzike, nikakaa.

Kaitano nilimpelekea barua, niliyoandikiwa na fundi cherehani mmoja wa kabila lake pale Makadara. Alipofika kwenye habari ya kikombe alisimamisha kalamu, akanitazama, kisha akaendelea. Vita vikaja, nikadhani haikufika. Jibu lilikuja mwaka wa pili wa vita, ukurasa mmoja, yule fundi akanisomea. Kaitano alisema ameacha simu, anafundisha watoto kupiga kinanda kanisani kwao. Alisema barua yangu ilipofika yeye hakuwa nyumbani, mkewe akaifungua. Aliporudi alimkuta mkewe amekaa nayo mapajani. "Miaka yote hii," aliandika, "alikuwa akiniambia ananisadiki. Siku ile ndipo alipoanza kunisadiki." Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Alisaini jina lake, basi.

Ndiyo sababu nikauacha waya. Haikuwa toba tu. Kila nilipoinua macho kwenye kikombe cheupe sikukiona tena chenyewe, niliona rangi tu. Fundi asiyeweza kukiona kilicho mbele yake hafai.

Wewe unaona vizuri, na ndiyo maana naandika. Utasimamisha milingoti, na utakosea, kwa kuwa kila mwenye kufanya hukosea. Mimi siogopi ukivunja kikombe. Naogopa ile nusu saa ya baadaye, ukiwa peke yako na hakuna aliyeona, na mikono yako inajua kuficha kwa sababu ni mikono hodari. Asiye fundi huvunja ikaonekana. Mimi nilijua kufunga uzi vizuri mno.

Na ukishasimamisha, usifurahie ikijibu siku ya jua. Ngoja mvua. Panda ufute chumvi kwenye vikombe kwa mkono wako, ujaribu tena vikiwa vimelowa. Na akikwambia mtu asiye wa kazi yako neno la kazi yako, lisikie kwanza; utakasirika baadaye ukiwa nyumbani.

Sasa la mwisho, nalo limenikawiza kuliko yote. Unadhani kazi ya Lamu umeipata kwa jina langu. Sivyo. Nahodha wa mashua unayokwenda kuifungia waya ni mjomba wako Omari. Mamako alimpelekea salamu, mimi sikuthubutu. Jibu lililetwa juzi na mtu wa forodhani, nami nililisikia kwa masikio yangu: "Na aje, ni damu yangu. Lakini asipande mashua yangu mpaka babake amwambie mwenyewe. Mtu akinifungia waya, nataka awe anajua nilichofanyiwa." Basi umejua. Akikuuliza, mjibu. Usinitetee kwake, wala usinitukane ili umridhishe.

Sikuombi ubadili wala usibadili unavyoniona. Nilikuwa na miaka sita ya kukwambia, nikangoja mpaka imebaki siku moja. Hilo nalo ni kosa, liweke na mengine.

Mamako amewasha taa, na nasikia jirani akikutania barazani, umerudi mapema. Barua hii nitakupa mkononi nikitoka msikitini. Isome leo, ukiwa bado hapa na mimi nipo, usingoje Lamu. Ukitaka kuniuliza kitu, niamshe hata iwe saa ngapi. Ukipenda kunyamaza, nyamaza. Alfajiri nitautwaa mzigo wako niubebe mpaka forodhani, mgongo huu utaweza, na twende njia nzima bila kusema.

Ni mimi babako,
Ali